Glasi ya Maji, Saa Nne Asubuhi

Jumatano, sita Ramadhani. Mvua tangu alfajiri. Mwaka wa thelathini na nne tangu nihame Gando, kisiwani Pemba, kwenda Mombasa, na siku ya pili tangu nirudi, kwa ajili ya mwanangu Seif aliyeko gerezani.

Nianze na kosa langu.

Seif alizaliwa Mombasa na unga, ile dawa ya kulevya, aliuanzia huko. Miaka miwili iliyopita nilimleta kwa dada yangu hapa Gando, kama wafanyavyo wengi wetu, nikiamini bahari itamtenga nao. Unga ulishafika kabla yake. Akaiba mashine ya boti, akafungwa.

Gerezani ndiko alikoanza kutibiwa. Kila asubuhi nesi, Bi Rukia, humpa kikombe cha methadoni, dawa inayotuliza arosto, yale maumivu ya kukosa unga. Humpa na vidonge vya zile sauti anazozisikia kichwani. Akanenepa. Akaanza kuniandikia barua zenye mwanzo na mwisho.

Nami, msomaji wa vitabu, nikamjibu kabla mwezi haujaandama: ukifunga Ramadhani nzima, nitajua umepona.

Akaniamini. Dawa hutolewa mchana tu. Ikifika magharibi nesi yuko kwake na wao wameshafungiwa. Basi Seif akakataa kikombe na vidonge. Siku tano. Bi Rukia ndiye aliyenipigia simu.

Leo saa nne nimemkuta chumba cha wageni, blanketi begani, meno yanagongana, barua yangu mkononi. Nikamweleza kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kula, atalipa siku nyingine. Nilieleza vizuri. Mimi hueleza vizuri.

"Baba, weye si una sukari? Daktari hajakukataza kufunga?"

"Kanikataza."

"Na leo umefunga?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi niache na mie."

Mwaka wa tatu huu namficha daktari. Si ucha Mungu. Ni haya ya kuonekana nakula mchana. Huku kwetu hata mgonjwa asiyeinuka kitandani hunyweshwa uji mlango ukiwa umerudishwa, na mle chumbani mlikuwa na askari, wazee wawili, na mama mmoja wa Wingwi aliyekuja kumwona mwanawe.

Nikamwomba maji Bi Rukia, aliyesimama pembeni na kikombe cha dawa. Akauliza kama nataka kutawadha.

Nikanywa glasi nzima mbele yao.

"Astaghfirullah, Mzee! Na mvi zote hizo!" akasema yule mama.

"Msamehe, bibi," Seif akasema, na nikamwona anacheka. "Mgeni huyu, hajazoea jela."

Kisha akanyoosha mkono, akapokea kikombe.

Dawa ndani yake ilikuwa kidogo mno. Baada ya siku tano kipimo huanza upya, kutoka chini kabisa. Nimemrudisha mwanangu mwanzo kwa sentensi moja.

Mkuu wa gereza ameniruhusu kuja kila asubuhi hadi Seif atengemae. Tulipokuwa tunaagana, Bi Rukia akaniambia Seif atatoka mfungo tatu, mwezi wa tatu baada ya Ramadhani, na akitoka lazima apelekwe kliniki kila siku kunywa dawa. "Nani atampeleka, Mzee?" Dada yangu miguu haimchukui tena. Sikuwa na jina jingine la kutaja ila langu.

Habari ya maji imenitangulia Gando. Jirani aliyenikumbatia jana, leo salamu yangu ameijibu huku akitazama mbuzi wake.

Miaka yote ile nilikitamani kisiwa hiki, na kwa siku mbili tu kimenibana kifuani. Nakikumbuka chumba changu cha Mombasa, makabati mawili ya vitabu, kahawa ya barazani na watu wasioniuliza mimi ni wa nani. Niliota kurudi Pemba kwa hiari yangu. Sikuota kurudi hivi, nikisubiri saa nne ya kila siku ninywe maji mbele ya watu.

Nimempigia mwenye nyumba wangu. Nimemwambia vitabu avipeleke madrasa na chumba ampe mpangaji mwingine.

Sitarudi Mombasa.