Parachuti la Babu Halina Namba

Mama,

Kwanza nguo. Iko salama. Nimeikunja ulivyonifundisha, upande wa leso ukiwa ndani, na iko kwenye droo ya chini chumbani mwako. Kesho mdogo wangu Neema atamfungia mtoto wake mgongoni kwayo tukienda kanisani. Nimeanza na hilo kwa sababu ungeniuliza habari za nguo kabla ya kuniuliza kama nimekula.

Sasa nikueleze nilivyokaribia kuipoteza.

Tangu uende, hapa Tottenham mambo ni yale yale, na si yale. Wale wa kanisa walikuja wengi, kisha wakapungua, kama ulivyosema watu hufanya. Neema alijifungua msichana na amempa jina lako. Namsemesha Kiswahili, Neema anacheka na kunijibu kwa Kiingereza. Mimi bado ni karani kule makumbusho. Kitu kikishaingia, nakiandikia namba, nakifunga kadi kwa uzi, na kuanzia hapo hakitoki bila saini za wakubwa. Nimeandikia namba ngao, vibuyu, hata kigoda cha kwetu Ukambani, na kwenye kadi naandika "kimetolewa na familia." Familia zenyewe sijawahi kuziona. Ulizoea kuniambia, "Kitu cha nyumbani kikivuka mlango wa watu, hubadilishwa jina." Nilikuwa nikicheka. Sicheki tena.

Juzi tulianza kuandaa maonyesho ya majeshi ya Kanada katika Vita vya Pili vya Dunia. Picha zote zilikuwa za Ulaya: vijana wakishuka majini pwani ya Ufaransa, Waholanzi wakiwapungia bendera barabarani. Nilizipitia moja moja nikitafuta Bama, yaani Burma, alikopigana Babu. Hakuna. Ndipo nikaanza kumshuku mzee mwenyewe. Si alituambia kuwa askari wa Afrika Mashariki walilishwa msituni na ndege za Wakanada? Mchele, chumvi, biskuti za kuvunja meno, vyote vikishuka kwa parachuti. Na alijuaje ni Wakanada? Alipoumia mguu, ndege ilitua kumchukua, na kijana aliyembeba alikuwa na neno Kanada limeshonwa begani.

Lakini parachuti, kila mtu anajua, ni hariri. Nguo yetu, aliyosema aliikata kwenye parachuti, ni gunia. Imelainika kwa kufuliwa miaka mingi, na wewe uliishonea leso isimkwaruze mtoto, ila gunia ni gunia. Unakumbuka Mjomba Kioko alivyokuwa akimtania: "Mzee, hili lilishuka na ndege ama na kahawa ya mzungu?" Babu alikuwa akinyamaza tu. Nilidhani ni kimya cha mtu aliyekamatwa.

Basi akaja Bi Ellen, mama mzee kutoka Kanada, mwenye koti la mvua na tabasamu kubwa mno. Baba yake alikuwa mmoja wa vijana waliosukuma mizigo kutoka ndani ya ndege huko Bama, naye alitaka maonyesho yasiwasahau. Aliponiona tu, akauliza kama natoka Kenya, na kama kwetu kuna mtu aliyepigana Bama. Nikasema sijui. Kesho yake akauliza tena, safari hii amebeba keki. Unajua ninavyomwogopa mtu anayekuja na maswali na keki pamoja. Nani amemtuma? Anataka kuchukua nini?

Lakini kutojua kuhusu Babu kulinitesa kuliko hofu. Nikaibeba nguo kwenye begi, nikamwonyesha wakati wa chakula cha mchana, mlango wa chumba cha chai nikiwa nimeufunga.

Hakutabasamu. Aliisugua kati ya vidole, akaigeuza, akatazama pindo. Akaniambia hariri ilikuwa adimu vitani, kwa hiyo maparachuti ya mizigo ya kule yalifumwa India kwa nyuzi zile zile za magunia. Baba yake alirudi na kipande kilichofumwa hivi hivi. Akasema mzee wake alikufa akiwa bado anajiuliza kama ile mizigo iliwafikia watu ama iliozea msituni.

Nikamwambia ilifika. Babu alikula.

Alilia, Mama. Na mimi, badala ya kumpa pole, nilikuwa nikitazama mikono yake asije akachomoa uzi. Kisha akasema neno nililokuwa nikilingoja: "Ingependeza sana ukutani." Nikairudisha begini.

Jioni, mlangoni, mlinzi wetu Baraka, yule wa Bukavu, akafungua begi langu kama anavyofungua la kila mtu. Akanong'ona kwa Kiswahili cha kwao, "Dada, usikasirike, ni kazi njo inataka hivi." Mkuu wangu akaitwa. Akauliza karatasi ya nguo iko wapi. Mimi ninayeandikia kila kitu karatasi, sikuwa na karatasi ya nguo ya nyumbani kwetu. Nikasema ni ya Babu. Akasema, kwa upole kabisa, ibaki hapa kwa usalama mpaka wahakikishe. Akachukua kadi kwenye meza yangu, hatua chache kutoka mlangoni, akaniuliza namba inayofuata ni ipi.

Aliniuliza mimi, Mama.

Kibali changu cha kuishi hapa kinategemea kazi hii, na niliiona safari ya Croydon, kwenye ofisi za uhamiaji, mbele yangu, nikieleza wizi wa kitu changu mwenyewe. Lakini namba sikuitaja. Nikamwambia, "Nusa." Baraka akainusa yeye, akacheka: "Ah! Hii inanuka mutoto!" Ni mafuta tunayompaka mtoto, yamekolea kwenye leso. Mkuu wangu hakunusa. Alikuwa bado ameshika kalamu.

Ndipo Bi Ellen akatokea akivaa koti, akasema, "Ni yake. Nimeishika mchana." Kalamu ikawekwa chini papo hapo, nikaombwa radhi. Neno lake lilitosha. Langu lilikuwa limekaa pale mezani muda wote, halijaguswa.

Nilimshukuru. Nina shukrani kweli, na bado inaniuma.

Tulitembea pamoja hadi kituoni. Hakuitaja nguo tena. Aliuliza jina la Babu, liandikwe chini ya picha ya baba yake. Nilisita mpaka treni moja ikapita. Kisha nikampa, kwa sharti kwamba kadi niandike mimi. Nimeandika kuwa baba yake aliusukuma mzigo, na Mwanzia wa Mwala, askari, aliupokea. Picha hiyo iko ukutani pamoja na za Ufaransa.

Kesho Bi Ellen anakuja kanisani. Ameomba kumbeba mtoto akiwa ndani ya nguo. Nimekubali. Nitasimama karibu.

Lala pema, Mama. Nakuahidi nguo hii haitavuka mlango ule tena. Ikichakaa, ichakae migongoni mwetu. Mjomba Kioko nimeshampigia simu. Ameacha utani. Nawe, ukimwona Babu, mwambie tumeamini: lilishuka na ndege.

Mwanao,
Mumbua