Moshi Ambao Baba Hakuuhesabu

Eufrosina mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa upendo wa Bwana wetu na wa Bikira Maria wa Upweke. Je, goti lako linaendeleaje? Baridi ya huko Puebla imepungua? Mimi ni mzima, ila vidole vimechubuka kwa chokaa, maana nimeshaanza kupaka nyumba kabla ya Siku ya Marehemu, wapendwa wetu wanaporudi kututembelea, kama mama alivyotuzoeza.

Jumamosi bado naenda darasa la watu wazima pale ukumbi wa parokia. Tumefika kwenye kemia. Mwalimu wetu Yareli, binti mpole, anasema kila atomi ina kiini kidogo mno katikati, elektroni ziko mbali nacho, na baina yao ni uwazi mtupu. Nikilala naota naelea humo, kama ndani ya kanisa kubwa lisilo na watu, wala siogopi.

Juzi alituuliza jiwe la chokaa likichomwa hutoa nini. Nikafurahi, kwani sisi si watoto wa mchoma chokaa? Nikaandika upesi: jiwe, mshale, chokaa. Mwalimu akahesabu, akasema kaboni yangu imepotea, na oksijeni mbili nazo. Akauliza, moshi uko wapi? Nikamjibu kama baba alivyowajibu waliolalamika kwamba mawe yao yameingia tanurini mazito yakatoka mepesi.

“Moshi ni wa Mungu, mwalimu. Hauhesabiwi.”

“Mwenzetu,” akasema Tomasa, jirani yangu wa benchi, “hata Mungu atataka kujua umempelekea kiasi gani.”

Darasa zima likacheka, nami nikacheka nao.

Swali lililofuata lilihusu chokaa yenye maji iliyopakwa ukutani. Kumbe polepole inauvuta tena ule moshi wa tanuri, yaani hewa ya ukaa, hiyo hiyo tunayoitoa tukipumua, maji yanakwenda zake, na chokaa inarudi kuwa jiwe. Nilisawazisha mlinganyo mwenyewe, pande zote zikalingana, hakuna kilichopotea. Ndipo nikamwuliza mwalimu kama pumzi ya mgonjwa nayo huingia. Akasema ni ya yeyote aliyemo chumbani.

Eufrosina, unakumbuka tulivyompakia mama chumba akiwa kitandani, kwa kuwa hakutaka marehemu waje wakute ukuta mchafu? Akapumua humo mpaka karibu na Krismasi.

Sasa nikwambie. Najua nilikukubalia kwenye simu kwamba tuiuze nyumba ya mama, na najua fungu lako unalingojea kwa ajili ya duka. Jumanne don Heliodoro, yule mnunuzi, alikuja nitie sahihi. Anataka kuzibomoa kuta ajenge za saruji. Nilimsikia akibisha, akiniita kwa adabu. Sikufungua. Nilikuwa chumbani kwa mama, nimeegemeza shavu ukutani.

Sikatai, mdogo wangu. Ila njoo kwanza ulale humo usiku mmoja. Ukiamka bado unataka tuuze, nitatia sahihi mbele yako.

Nisalimie shemeji na watoto. Mungu awafunike.

Ni mimi dada yako,
Casilda

Naomba unijibu mapema.