Tawi Moja Mbele ya Kiota

Jumatatu, 3 Machi

Kificho kimesimama. Turubai la kijani, mita nne kutoka kwenye kiota, tundu la lenzi limeelekea magharibi. Kiota nilionyeshwa na Mluzi. Ni askari wa msitu. Wenzake walimbandika jina hilo kwa sababu anaiga milio ya ndege mpaka ndege wenyewe wanamjibu. Sharti lake ni moja tu: "Mama Picha, humu usiguse hata jani. Ukipiga chafya, uombe radhi." Nikacheka. Nikaapa.

Ndege wenyewe ni wadogo, kahawia, koo la rangi ya chungwa. Jike, Mluzi anamwita Bibi Harusi — watu wote wanamsubiri, hatoki! Nimekaa masaa matatu. Wimbo nimeusikia mara kumi na nne. Mkia nimeuona mara moja.

Mtafiti wa ndege aliyenipa kazi hii anataka picha moja: ndege akilisha makinda, koo lionekane vizuri. Faili lake linaingia ofisi ya misitu tarehe 21. Bila picha, kichaka hiki nyuma ya matangi ya maji kitafyekwa, na kwenye karatasi itaandikwa kuwa hakikuwa na kitu.

Jumatano, 5 Machi

Makinda wameanguliwa. Watatu!

Mwanga: hovyo kabisa. ISO 6400, shata 1/30, kamera imefika mwisho wa uwezo wake. Picha 212, zote chenga tupu. Ndege anaonekana kama doa la chai kwenye shuka. Flashi sithubutu, atakimbia asirudi.

Shida ni tawi moja. Lina majani mapana, limekifunika kiota kama mwavuli. Saa moja na nusu jua linafika pale, linagonga lile tawi, basi. Linaishia hapo.

Wifi yangu ndiye anayeshika studio ninapokuwa kichakani. Leo nimerudi na matope hadi magotini. Akauliza kama nimehamia kwa ndege moja kwa moja, na kama kaka yake atafute mke mwingine au angoje kwanza nitage.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepata picha. Niandike yote, kwa mpangilio.

Saa kumi na mbili na nusu nililivuta tawi pembeni nikalifunga kwa uzi. Si jambo geni, wapiga picha wengi hufanya hivyo: unafunga, unapiga, unafungua, tawi linarudi mahali pake. Uzi ukachomoka. Nikafunga tena. Ukachomoka. Mara ya tatu tawi lilirudi kwa kishindo, Bibi Harusi akaruka akilalama.

Begini nina mkasi wa bustani, wa kupunguzia nyasi mbele ya lenzi. Nikakata. Tawi moja! Unene wa kidole kidogo.

Saa moja na nusu jua likaingia. Akarudi na kiwavi mdomoni, akasimama ukingoni, koo likawaka. Shata 1/500. Kila unyoya unahesabika. Midomo mitatu wazi.

Saa tatu nikarudi studio, kulikuwa na foleni ya wanafunzi wa picha za vitambulisho. Tawi nimelitupa nyuma ya tangi.

Jumapili, 9 Machi

Makinda wamekufa. Wote watatu.

Nilikwenda kuongeza picha mbili tatu za akiba. Kimya. Nikachungulia. Wamelala shingo zimening'inia ukingoni, ngozi imekauka kama karatasi.

Nilikaa nijue sababu. Saa tano na dakika arobaini jua lilipenya pale nilipokata, likatua kiotani, likakaa hapo mpaka saa saba kasorobo. Niliweka mkono. Sikuweza kuuacha hata dakika tano.

Jua la asubuhi nililipima. La mchana sikulipima. Mimi, ninayeandika kila kitu!

Bibi Harusi alikuja na kiwavi. Akasimama. Akaondoka nacho.

Jumanne, 11 Machi

Mtafiti ameipata picha. Alipiga simu akipiga vigelegele, anasema sasa kichaka kimepona, hakuna wa kubisha. Nikamwambia makinda wamekufa. Akasema pole, hutokea, nyoka au joto. Nikasema ndiyo, joto.

Ametuma fomu ya kuambatanisha. Swali la sita: je, mazingira ya kiota yaliguswa kwa namna yoyote? Ndiyo. Hapana. Nimejaza la kwanza mpaka la tano. Nimejaza la saba na la nane.

Alhamisi, 13 Machi

Mluzi amesimamishwa kazi.

Wifi kayapata kwa karani wa misitu, aliyekuja kutoa nakala. Mkubwa wao alipita kukagua, akaona mkato, safi, wa chuma, na makinda wamekufa chini yake. Akasema Mluzi anaachia watu wakate kuni. Mluzi akakataa. Akaulizwa, humu huingia nani? Akajibu kwamba huingia Mama Picha peke yake, na huyo anamwamini kama nafsi yake.

Wifi alisimulia huku akipanga fremu. Kisha akaniuliza mbona nimekunja uso, ninaumwa?

Nikasema kichwa.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeusafisha mkasi kwa spiriti. Ulikuwa safi. Nimeurudisha begini.

Nikimwambia Mtafiti, ataitoa picha kwenye faili, na kichaka kitafyekwa. Hilo ndilo ninalojiambia. Lakini Mluzi hayumo kwenye hilo faili. Mluzi ningeweza kumwambia hata jana. Nyumba yake naijua.

Jumatatu, 17 Machi

Mluzi yuko hapa. Sasa hivi, kwenye benchi, upande wa pili wa pazia. Naandika huku nikisubiri picha zake zikauke.

Alikuja saa nne, shati limepigwa pasi. Anaomba kazi ya kulinda ghala. "Mama Picha, nitengeneze nionekane mtu wa maana. Hii sura imezoea kujificha." Nikamkalisha. Kivuli kilimwangukia jicho la kushoto, nikasogeza taa. Nikasogeza tena.

Akaiona picha ya Bibi Harusi ukutani. Wifi ameichapa kubwa, ameitundika jana bila kuniuliza, ati wateja waone. Mluzi akainuka kitini. Akaitazama muda mrefu. Akapiga ule wimbo, polepole, mpaka mwisho.

"Kumbe ana koo zuri hivi," akasema. Kisha: "Miaka tisa nakipita kichaka kile. Asubuhi kile kiota huwa giza. Au macho yangu?"

Wifi akadakia, "Kaka, huyu, mwanga ni mtumishi wake. Akiuita unakuja."

Wakacheka wote wawili. Mluzi alicheka kidogo, akawa wa kwanza kuacha.

Na mimi nikasema nini? Nikasema, "Kidevu juu. Usipepese."

Picha nne kwenye karatasi moja. Ametoka vizuri. Anatazama lenzi moja kwa moja, yaani ananitazama mimi. Fomu iko chini ya daftari hili. Huko nje ya pazia ameanza tena mluzi wake, ule ule.

Wifi ananiita. Anauliza mkasi uko wapi, azitenganishe picha za Mluzi, mwenyewe amechoka kungoja.

Nimejibu: begini.

Begi langu la kichakani liko chini ya benchi, miguuni pa Mluzi. Mkasi wa studio uko hapa mezani, mbele ya macho yangu. Nilikuwa nauona nilipojibu.

Nasikia zipu. Mluzi ameacha kupiga mluzi.