Darubini ya Kuazima

Jumatatu, 8 Januari 1951. Makuyuni
Nimetoka kabla ya wagonjwa kuja; dresa, mfunga vidonda wa zahanati, hana saa nyingine. Nyuma ya zahanati: shore, kwenzi, chozi mmoja kwenye ua la mgomba. Wote nilishawaandika. Nataka aina mia moja mwaka huu na bado nazunguka na ndege wa uani.
Darubini nzito shingoni. Ni ya yule Mzungu mgeni wa shamba la mkonge, niliyemfunga jeraha la mkono mwezi uliopita. Alinikuta mlangoni nikimkodolea macho mwewe, akasema naye anapenda ndege. Kaniazima mwaka mzima. Sharti moja tu: nimsimulie kila ninakopita. Nimefurahi kupita kiasi.

Jumapili, 4 Februari
Mdiria! Kijitoni, chini ya shamba la mama mkwe. Bluu kali mpaka nikasahau mbu.
Wanawake waliokuwa wakiteka maji walinyamaza nilipofika. Waliitikia salamu, basi. Zaina, mke wangu, anasema wanamuuliza mumewe anapima nini na lile dude la macho. Nikamwambia awajibu ndege. Ameshawajibu. Hawaamini. Hata yeye, sina hakika kama anaamini.

Jumapili, 18 Machi
Kwa miguu hadi karibu na Segera. Keremkerem, kundi zima, juu ya waya wa simu.
Kuna mtu ananifuata. Nikisimama, anasimama. Nilijifanya nafunga kamba ya kiatu, nikaona kanga ikipotea nyuma ya mikonge. Mwanamke. Katumwa na nani? Sikumwambia Zaina.

Jumatano, 25 Aprili
Mvua. Tope kila njia. Mzungu kaja, eti anakohoa. Nimesikiliza kifua, kizima. Akakaa, akauliza habari za ndege. Nikaanza na mdiria. Akanikatiza.
"Kile kijito, Dresa, kiangazi hakikauki?"
Nikasema hakikauki.
"Na lile bonde, kuna mtu analima?"
Nikamwambia kote kunalimwa. Panapoonekana pori pamelazwa tu, udongo upumzike. Bonde lote lina wenyewe. Akaitikia kwa kichwa, akaondoka bila dawa.
Hakuuliza mdiria ana rangi gani.

Alhamisi, 14 Juni
Nimefunga, kichwa chepesi, labda ndiyo maana nimethubutu. Nimemjaribu. Nimemwambia nimeona heroe kule juu Mpale. Heroe, ndege wa maziwa ya magadi, miguu kama fito, eti yuko mlimani kwenye mahindi. Mpenda ndege yeyote angecheka. Yeye kasema vizuri sana, kisha akauliza kama lori linaweza kupanda njia ile.

Ijumaa, 15 Juni
Hajui ndege. Anataka nini kwangu?

Jumanne, 17 Julai
Nimejua. Vigingi vyeupe. Vimeteremka kutoka kwenye mkonge hadi kijitoni, vikavuka, vikapasua shamba la mama mkwe katikati. Vibarua wanakokota mnyororo wa kupimia, yeye nyuma yao na kofia yake. Ni sevea, mpima ardhi. Shamba la mkonge linataka bonde, linataka maji.
Kila kigingi kimesimama mahali nilipopita nikamsimulia.

Jumamosi, 21 Julai
Zahanati tupu. Mama mwenye mtoto wa homa kapita mbele ya mlango wangu bila kugeuza shingo, akashika njia ya Korogwe. Mbali vile, na mtoto mgongoni.
Zaina kachukua watoto, kaenda kwa mama yake. Hakugomba. Alisema tu: "Kama ulijua, ni vibaya. Kama hukujua, shamba limekatwa vilevile."

Jumatatu, 6 Agosti
Nimerudisha darubini. Nimeiacha mezani kwa karani wa shamba, sikungoja jibu. Kisha nikaenda kwa mama mkwe. Nikakaa chini nje, mbali kidogo, uso pembeni, kama inavyopasa. Akasema nami kutoka mlangoni.
"Aliyekuwa akikufuata ni mimi. Tangu kabla ya masika. Nilitaka nijue unahesabu nini kwenye shamba langu."
"Ndege, mama."
"Mtu mzima, mwenye kazi ya serikali."
"Ndiyo, mama."
Akafukuza kuku mlangoni. 
"Basi kaseme hivyo barazani, mbele ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya. Yote uliyoulizwa na yote uliyojibu. Nami nitakuwepo nisikie."
Naogopa. Huenda anataka nifukuzwe kazi. Sijui tena nani ananitakia nini.

Alhamisi, 13 Septemba. Korogwe
Baraza. Sevea kasema bonde ni pori tupu, hakuna aliyemwambia vingine. Nikasimama. Nikasema mimi nilimwambia, Aprili, pale zahanati, kwamba lina wenyewe. Akatabasamu. Akasema anachokumbuka kwangu ni hadithi za ndege.
Bwana Shauri akaniuliza darubini ilikuwa ya nini. Nikasema ya ndege. Watu wakacheka, hata wa kwetu.  Niliona wazi hakuna anayeniamini, mweupe wala mweusi.
Ndipo mama mkwe akainuka. Hakuitwa.
"Ni kweli anayosema. Mimi sikumwamini, nimemfuata miezi. Huyu anatembea akiangalia juu, mpaka anajikwaa. Yule mwenzake anaangalia chini."
Hakuna aliyecheka. Bwana Shauri akaandika kwa muda mrefu.

Jumatatu, 22 Oktoba
Uamuzi umekuja. Vigingi vinarudishwa ng'ambo ya kijito. Shamba la mama mkwe limepona, na mashamba ya majirani zake. Wa ng'ambo wamepoteza. Mzee Saidi ni mmoja wao. Nimempa shikamoo leo njiani, kapita.
Na mimi nimepata barua: uhamisho, Handeni. Sababu haikutajwa. Nauona mkono wa shamba la mkonge nyuma yake, ila siwezi kuthibitisha. Zaina amerudi. Anafunga vyombo.

Jumapili, 18 Novemba. Handeni
Kukavu. Bila darubini ndege wa mbali ni vivuli tu. Hondohondo wawili, kigong'ota mmoja. Mwingine amenishinda kumtambua.
Jirani, karani wa mahakama, kaniuliza kwa upole napenda kutembea upande gani. Nikasema sitembei. Lilikuwa swali la ujirani tu. Labda. Nimeona aibu, lakini sikulibadili jibu langu.

Jumapili, 30 Desemba
Aina sabini na moja. Mia sikufika, na kesho nina zamu.
Mvua imenyesha alfajiri. Zaina alikuwa uani, anataka kuosha vyombo. Beseni lilikuwa limejaa maji ya mvua. Ndege mdogo akashuka ukingoni, kijivu, kifua cha rangi ya chai ya maziwa. Simjui. Akaingia, akaanza kuoga.
Zaina akaniita kwa mkono. Kisha akaweka sufuria chini taratibu, akachuchumaa, akangoja amalize. Nikachuchumaa karibu naye.
Daftari lilikuwa ndani. Sikwenda kulichukua.