Makofi Kabla ya Barafu

Kaloleni,
Kisumu.
9 Februari 2025

Mpendwa Dalmas,

Pokea salamu za shangazi yako. Natumai u mzima na kwamba baridi ya Edmonton haijakuingia mifupani. Sisi hatujambo. Joto ni kali, na mama yako bado yuko ufuoni Dunga kila asubuhi na beseni zake za samaki wa ngege. Mgongo unamuuma, yeye anasingizia godoro.

Nimeandika kwa karatasi kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kwa Kiingereza.

Unajua akina mama wauza samaki wa Dunga wanaomba chumba cha barafu. Samaki asiyeuzwa kufikia adhuhuri hutupwa, au huuzwa kwa bei ya aibu. Novemba lilikuja shirika moja kusikiliza shida zao. Wakamchagua binamu yako Obonyo awasemee, kwa kuwa wewe humtumia maneno kumi ya Kiingereza kila siku kwenye WhatsApp.

Nimeisikiliza rekodi ya hotuba yake, ile uliyoijibu kwa picha za makofi. Nimeripoti siasa za huku miaka mingi, na sijasikia mtu akizungumza kwa muda mrefu hivyo bila kusema kitu. Mgeni wa shirika alimkatiza mara mbili kwa swali jepesi: samaki hukaa muda gani kabla ya kuharibika? Mara ya kwanza Obonyo alijibu kuhusu mageuzi ya kimfumo. Mara ya pili, uwezeshaji shirikishi. Barafu haikutajwa hata mara moja.

Shirika likaleta lilichosikia. Wiki jana akina mama walipewa semina ya uongozi na fulana za kijani. Mama yako amefunikia samaki fulana yake. Nzi hawajaonyesha heshima yoyote kwa uongozi.

Kijana si mjinga. Kiingereza chake kina sakafu na paa, kuta hakuna. Maneno kama samaki na maji aliyajua shuleni akiwa mdogo, mengine ni hayo yako ya mikutanoni, na katikati unapita upepo. Jumamosi nilimketisha karibu na meza ya mama yako, nikamtaka anisimulie kwa Kiingereza safari ya samaki, tangu mashua inapogusa ufuo hadi samaki anapoanza kunuka.

"Shangazi, hayo ni maneno ya watoto."

"Basi yaseme, baba."

Alikwama kwenye neno la kupakua. Kutoa magamba, kupima uzito, kivuli, kuyeyuka, kuoza: hana hata moja. Mama yako alimtazama, kisu mkononi.

"Mwacheni huyo. Amekula kamusi yote na bado ana njaa."

Meza za jirani zikacheka. Obonyo naye akacheka, ila alichelewa.

Wageni wanarudi mwezi ujao kuona matunda ya semina, kisha mradi unahamia Mbita. Hakuna nafasi nyingine baada ya hapo. Ni Obonyo atakayesema tena, maana wengine wote wamekataa. Kwa hiyo acha kumtumia mapambo. Mtumie maneno ya kazi, machache, na kila moja akurudishie ndani ya sentensi kuhusu meza ya mama yako. Sentensi isiyo na samaki ndani yake, ikatae.

Najua utaona maneno hayo ni ya chini kwa mtu anayesomea shahada ya pili. Unakanyaga barafu kila asubuhi ukienda chuoni, Dalmas, na katika maneno yote uliyomtumia binamu yako hukuona haja ya kumpa lile la barafu kugeuka maji. Makofi yako yaweke hadi mama yako apate barafu yake.

Mama yako anakusalimu, na Obonyo pia, kwa sauti ya chini. Dada yako Lorine anaulizia viatu ulivyomwahidi. Mungu akutunze, akufanikishie masomo, na akupunguzie ulimi.

Ni mimi nikupendaye hata nikikugombeza,
Shangazi Apiyo