Hatukuwaambia Kwa Nini

Lindi, Jumanne, alasiri

Mvua haijakatika tangu jana na shuka za wodini hazikauki. Mikono yangu inanuka etha, dawa ya usingizi. Nimeinawa kwa sabuni, nikaisugua kwa ndimu, bado inanuka.

Bakari amefariki leo kwenye meza ya upasuaji.

Alikuwa mkata mkonge, kijana wa mabega mapana. Ngiri ndiyo iliyomwachisha kazi. Daktari wetu Mwingereza ameshapasua ngiri nyingi, nami ndiye ninayewalaza wagonjwa wake, nikidondosha dawa ya usingizi kwenye kitambaa kinachowafunika pua. Huamka wakiomba maji.

Jana niliwaambia yeye na mama yake, aliyemsindikiza kutoka Nyangamara, kwamba leo asitie kitu mdomoni mpaka atoke kwa daktari. Wakaitikia. Asubuhi, kabla ya kumlaza, nikamwuliza tena.

"Sijala, Sista," akasema, macho yakiwa darini.

Alikuwa amekula. Ming'oko ya kuchemsha, mizizi ya porini ambayo mama yake aliibeba kutoka nyumbani.

Dawa ilipoanza kumkolea akakohoa, na chakula kikapanda. Kingine kilitoka, kingine kikaingia kwenye njia ya pumzi. Tulimgeuza ubavu. Daktari akamsafisha koo kwa vidole na shashi, mimi nimeshika kichwa. Midomo ikawa ya zambarau. Tuliendelea kumshughulikia hata baada ya sote kujua.

Daktari akakaa kwenye kigoda, glavu mkononi. "Mwambie mama moyo ulisimama," akaniambia. "Si uongo. Inatosha."

Nilimkuta mama yake kwenye kibanda wanakopikia ndugu wa wagonjwa.

"Shikamoo, Mama."

Alinitazama usoni. "Ameamka?"

"Hakuamka, Mama. Bakari ametutoka."

"Inna lillahi," akasema kwa sauti ndogo. Kisha akanishika mkono. "Ni chakula changu?"

Nilitaka kusema ni moyo. Mungu wangu, nilitaka sana! Lakini nyuma yake mwanamke wa kijiji cha Sudi alikuwa akichochea muhogo wa nazi, akimwambia mwenzake kwamba atamwekea mumewe kiporo, asije akaingia kwa daktari na njaa. Mumewe anapasuliwa kesho.

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Mtu akilazwa kwa dawa, koo nalo hulala. Chakula kikipanda hawezi kukimeza wala kukitema. Humziba pumzi. Angetuambia amekula, tungengoja hadi kesho."

Hakulia.

"Alisema ana njaa. Nikamwambia kula, wala usiwaambie, watatufukuza turudi nyumbani." Akaniachia mkono. "Mlisema asile, binti yangu. Hamkusema atakufa."

Tunawaambia wagonjwa wasile kama tunavyowaambia wasiteme mate sakafuni. Kwao ni amri ya hospitali, moja katika nyingi, na nyingi wanajua zinavunjwa bila madhara.

Mama akainuka, akaenda kukaa kando ya yule mwanamke wa Sudi. Alisema naye polepole, sikusikia yote. Nilimwona yule mwanamke akiuepua muhogo motoni, akaanza kulia kwa kwikwi, na Mama ndiye aliyekuwa akimpapasa mgongo.

Daktari ataniuliza kwa nini sikusema alivyoniagiza. Na aulize.

Kesho nitamlaza mume wa yule mwanamke kwa mkono huuhuu. Lakini leo, kabla ya adhana ya magharibi, nitapita kitanda kwa kitanda, kisha kibandani, niwaeleze jinsi koo linavyolala, hata wanichoke.

Mama Bakari amekaa barazani, anawangoja wanaume wa msikitini waje kumwosha mwanawe. Njia ya kwenda kibandani inapita mbele ya miguu yake.

Nitapita.