Mitutu Miwili ya Katari

Jumamosi, 24 Aprili 1971
Majumba ya kupangisha yametaifishwa. Ghorofa la Mzee Jivraj limo. Karakana yetu ya kufuli na bunduki iko chini yake — miaka kumi na tisa nafanya kazi na huyu mtu. Leo hakushuka. Nimefungua peke yangu.

Tatu, mke wangu, anasema nyumba zirudi kwa wananchi, ni haki. Labda.

Jumatano, 28 Aprili
Ameshuka. Anarudi kwao Jamnagar, Bara Hindi, kwa meli ya tarehe kumi. Alitoka huko ana miaka sita. Nikamuuliza anamkumbuka nani kule.
"Hakuna, Awadhi."

Jumamosi, 1 Mei
Kaniletea katari, imeviringishwa kwenye kitambaa cha marehemu mkewe. Siku zote naiona ukutani kwake, sijawahi kuishika. Kisu kipana, unakikamata kwa ngumi. Ubavu huu mtutu wa bastola, ubavu huu mtutu. Unachoma, ukibana mkono inalipuka. Babu yake ndiye aliyeifua. Kazi safi. Mimi nisingeiweza.

Forodhani wamemwambia kisu kitapita, bunduki haipiti bila kibali. Hii haijawahi kuandikishwa popote. Anataka nikate mitutu. Nimekataa. Nikamwambia, Mzee, kata mwenyewe. Akaninyooshea mikono — inatetemeka. Nimejuta kusema.

Jumanne, 4 Mei
Nimekubali. Kabla ya msumeno nikapitisha waya. Mtutu mmoja, waya ukazama wote. Wa pili ukagota katikati. Risasi imo. Miaka yote sebuleni, na wanawe wakiichezea!
"Baba aliniambia tupu," akasema. Akatafuta pa kukaa.
Mtutu huo nimeuloweka kwenye mafuta.

Jumamosi, 8 Mei
Risasi imetoka, na baruti, imeganda kama masizi. Mtutu wa kwanza nimeukata. Sikula mchana. Tatu kauliza naumwa nini.

Jumapili, 9 Mei
Meli kesho. Jiliwa tumeshaliuza pamoja na vifaa vingine vya karakana, hakuna cha kubania chuma. Mzee akasema katari ataishika yeye. Akailaza mezani, akaigandamiza kwa viganja viwili.
"Kata."
Nimekata mtutu wa pili mpaka nusu.
"Pumzika kwanza," akasema.
Nikaweka msumeno. Akauliza mwanangu Sabaha yuko darasa la ngapi. La sita. Baada ya kitambo akauliza tena, la ngapi?
Adhuhuri imeadhiniwa, sijainuka. Naandika hapahapa mezani, yeye kainama, viganja bado viko juu ya chuma. Hajasema tuendelee. Na mimi simuulizi.